Swaumu na Saa za Dirisha

Kila Ramadhani swali langu ni hilo hilo: anayenifungulisha ni maradhi yangu au ni saa za dirisha la dawa?

Mimi ni mvuvi wa Kunduchi. Unga wa heroini niliuacha kwa methadoni, dawa ya maji ambayo Muhimbili ilianza kuwapa waraibu Februari 2011, na hospitali nyingine zikafuata. Dozi moja hushika siku nzima. Arosto haiji, mikono haitetemeki, mtu anapanda chomboni akafanya kazi kama wenzake. Kwangu mimi sharti lake ni kuinywea palepale kituoni, kila siku, Jumapili na sikukuu zimo. Unataja namba yako, unapewa kikombe, unameza, unashushia maji, kisha nesi anakusemesha: "Haya kaka, za nyumbani?" Ukimjibu, anajua mdomoni hukubakisha kitu.

Kituoni kwangu dirisha hufunguliwa asubuhi, na adhuhuri limeshafungwa. Kwa hiyo mwezi mtukufu ukiingia, daku nakula na familia kwa kuwapa kampani tu. Nia nitaitiaje, na najua saa mbili nitakuwa na kikombe mkononi?

Maalim wa mtaani kwetu haoni tatizo. Mgonjwa ana ruhusa, atalipa siku nyingine. Siku ipi, maalim? Dawa hii nainywa mwaka mzima, na Shawwali saa ni zile zile. Basi, anasema, wewe hesabu yako ni ya mwenye maradhi ya kudumu: toa fidya, lisha masikini mmoja kwa kila siku. Nalisha. Lakini fidya ni ya asiyeweza kufunga, na mimi naweza. Kikombe kile ningekinywa baada ya kufuturu, kingenifikisha magharibi ya kesho bila shida. Mwili wangu hauna udhuru. Udhuru uko kwenye ratiba. Je, Mungu alipomhurumia mgonjwa, alikusudia na mtu aliyezuiwa na saa za kazi za ofisi?

Linalonikera zaidi ni hili. Swaumu haina msimamizi. Ukitaka, unajifungia chumbani unakunywa maji, unatoka unapangusa mdomo, na hakuna mja atakayejua. Thamani yake yote imo katika kuaminiwa. Dozi yangu nayo imewekewa utaratibu wa mtu asiyeaminika, na nimeufuata mpaka nimeuzoea. Mke wangu ananiachia pesa za ada za watoto. Nahodha ananiachia mashine ya boti. Kikombe kimoja cha dawa sijaaminiwa kwenda nacho nyumbani.

Hata hivyo siwatukani waliotunga masharti hayo. Dozi inayoniweka mimi sawa inaweza kumuua mtu ambaye mwili wake haujaizoea, seuze mtoto anayedhani ni sharubati. Na kwenye maskani za waraibu wapo watakaoinunua, nawajua kwa majina. Hofu ya serikali ina msingi. Lakini hofu hiyo ina bei, na anayeilipa ni mgonjwa. Bahari ikitulia wenzangu huenda dago Mafia, wanakaa huko wiki kadhaa na kurudi na pesa ya maana. Mimi navua hapa hapa karibu, kwa sababu nikikosa dozi siku chache mfululizo lazima daktari anipime upya, huenda anirudishe kwenye dozi ya chini. Wapo walioona bora warudie unga kuliko kukosa riziki.

Sheria ya dini ilikwishajua kwamba watu hawako katika hali moja. Swala ni faradhi, lakini msafiri anapunguza rakaa na asiye na maji anatayamamu. Ruhusa haikuletwa kuilegeza faradhi; imekuja ili faradhi imfikie kila mtu mahali alipo. Masharti ya dawa nayo yanaweza kuwa hivyo. Marekani, ambako kanuni za methadoni zilikuwa kali kwa miongo mingi, korona ilipoenea, Machi 2020 waliruhusu mgonjwa aliyetulia apewe dozi za hadi siku 28, na ambaye bado hajatulia sana, siku 14. Waliotabiri maafa hawakuyaona, na mwaka 2024 ruhusa hiyo ikaingizwa katika kanuni za kudumu.

Mimi siombi siku 28. Mgeni aliyetoka maskani jana na anywe mbele ya nesi, hata mimi nilihitaji kuangaliwa hivyo. Ila aliyekaa miaka na mkojo wake unapimwa safi, apewe chupa yenye kufuli, aanze na dozi mbili, aongezwe kadiri anavyojithibitisha. Na Ramadhani dirisha lifunguliwe baada ya magharibi. Maalim hana uwezo wa kunipa hayo, na wala fatwa haihitajiki. Unahitajika waraka mmoja wa wizara.