Kabla ya kusema haramu, tumuulize mgonjwa anaumwa wapi

SHUKRANI zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyemuumba mwanadamu kwa umbile lililo bora, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu Waislamu, leo naanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu naamini si langu peke yangu.

Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule moja ya sekondari hapa Arusha, na kila Jumamosi nafundisha darsa ya kina mama maeneo ya Ngarenaro. Maswali yao mengi hayanifikii moja kwa moja kwa sababu ya haya. Hupitia kwa mke wangu. Siku moja aliniuliza: "Kuna mama wa darsa anataka kujua, kufanyiwa upasuaji wa mapaja hospitali kunafaa?" Nilikuwa nasahihisha mitihani. Sikuinua hata kichwa. Nikasema: "Huko ni kubadilisha maumbile ya Allah. Haramu." Jibu likapelekwa, na mama yule akalipokea kwa kunyamaza.

Baada ya miezi kadhaa nikabaini kuwa haonekani tena darsani. Nikamtuma mke wangu akamjulie hali. Aliporudi ndipo nikapata swali lote, ambalo mwanzo nilipewa nusu yake, na nusu ile nyingine sikuiuliza.

Mama yule alikuwa na uzito wa kilo 120 na kisukari. Daktari alimtaka apungue. Kwa miaka miwili aliacha soda na maandazi, akapunguza ugali, na kila siku baada ya swala ya Alfajiri akawa anatembea hadi Sekei na kurudi. Alishuka hadi kilo 74, alhamdulillah. Lakini ngozi haikurudi. Ngozi ya ndani ya mapaja ilibaki inaning'inia, inasuguana anapotembea, inashika jasho na kuchubuka. Januari na Februari, joto linapopanda hapa mjini, michubuko inageuka vidonda, na kidonda kwa mwenye kisukari si jambo la mchezo. Kukaa tahiyatu ni maumivu. Isitoshe, alikuwa na wasiwasi juu ya twahara yake kwa sababu ya majimaji yanayotoka kwenye vidonda. Ndiyo maana aliacha kuja. Alidhani dini imemfungia mlango.

Nilikumbuka hadithi ya Jabir (r.a.) iliyopokewa na Abu Dawud, ya yule mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe wakiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaumu vikali kwamba wao ndio waliomuua, na akaeleza kuwa tiba ya kutojua ni kuuliza. Wale hawakuwa waovu. Walikuwa watu wa dini waliotoa jibu kabla ya kulifahamu jeraha. Nami nilikuwa mmoja wao, nikiwa na kalamu nyekundu mkononi.

Sheria inasemaje?

Ni kweli kwamba Allah (s.w.) anatutahadharisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 119, na ahadi ya shetani ya kuwaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Allah. Ni kweli pia kwamba katika hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wenye kuchanja mwili na wenye kutenganisha meno. Lakini wanazuoni wamelizingatia neno moja lililomo ndani ya hadithi hiyo: wanafanya hivyo kwa ajili ya uzuri. Sababu ya kitendo imetajwa pamoja na kitendo.

Upande wa pili yupo Arfajah bin As'ad (r.a.), aliyekatwa pua katika vita vya Kulab. Alitengeneza pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, na Mtume (s.a.w.) akamuamuru atengeneze ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Hapa kuna kuondoa madhara na kurejesha kilichopotea.

Suala hili lilijadiliwa mwezi Julai 2007 na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia. Azimio namba 173 liliruhusu upasuaji wa kurejesha umbile au kazi ya kiungo, kurekebisha kasoro za kuzaliwa kama mdomo wa sungura, na kasoro zilizotokana na moto, ajali au maradhi. Liliruhusu pia kupunguza uzito kwa upasuaji pale unene unapokuwa ugonjwa, njia nyingine zimeshindwa na usalama upo. Halikuruhusu upasuaji wa mtu mzima wa afya anayetaka tu kubadili umbile la kawaida kwa kufuata matamanio na kuiga wengine. Kwa ufahamu wangu, ngozi inayomtoa mtu vidonda imo katika fungu la kwanza.

Nini cha kutarajia?

Baada ya hapo nilikwenda kwa daktari mmoja tunayeswali naye, nikamuomba anifundishe. Nayaandika haya kwa sababu mwaka 2023 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilitangaza huduma za upasuaji rekebishi na wa urembo, na ilikuwa imeshaanza kuwawekea puto tumboni watu wenye unene uliozidi. Wengi watapungua kwa haraka, na wengi watauliza swali la mama yule.

Daktari alinieleza kwanza kuwa upasuaji huu si wa kupunguza unene. Unafanywa uzito ukishatulia, kwa kawaida miezi sita au zaidi bila kupanda wala kushuka. Kwa mwenye kisukari, sukari iwe imedhibitiwa, na mvuta sigara aache wiki kadhaa kabla, la sivyo kidonda hakiponi vizuri.

Mgonjwa hupewa nusu kaputi, na kazi huchukua saa mbili au zaidi. Mshono hupita kwenye kinena, na ngozi ikiwa nyingi hushuka ndani ya paja kuelekea gotini. Huenda akawekewa mirija ya kutoa majimaji, na atavaa nguo ya kubana kwa wiki kadhaa. Atatakiwa ainuke na kutembea kidogo kidogo mapema, ili damu isigande miguuni, kwani damu iliyoganda ikikimbilia kwenye mapafu inaweza kuua. Kubeba ndoo na kazi nzito vitasubiri wiki nne hadi sita. Uvimbe huchukua miezi kuisha.

Kovu halitoki. Litafifia, lakini litabaki, na kwa baadhi yetu wenye ngozi nyeusi kovu huvimba na kuwasha. Eneo lenyewe lina jasho na msuguano, hivyo mshono kuachia au kushika vijidudu ni jambo linalotokea mara kwa mara. Anayekuahidi mapaja bila kovu, mkimbie.

Na ibada? Anayeshindwa kusimama ataswali amekaa, na anayeshindwa kukaa ataswali amelala. Kidonda cha paja hakigusi viungo vya udhu. Shida inakuja kwenye josho, na hapo zipo hukumu za kupangusa juu ya bendeji na kutayamamu. Majimaji ya kidonda ambayo mgonjwa hawezi kuyazuia hayamuondolei swala. Kwa kuwa eneo hilo ni uchi, atafutwe daktari wa kike kwanza. Akikosekana, dharura ina hukumu yake. Wala mtu asiuendee mkopo wa riba ili kukaza ngozi.

Si kila swali ni moja

Nisije nikaeleweka vibaya. Binti mmoja anayejiandaa kuolewa naye aliniuliza kupitia mke wangu. Safari hii niliweka kalamu chini na kuuliza: anaumwa wapi? Haumwi popote. Mapaja yake ni mazima, ila hayafanani na ya wale anaowaona kwenye simu. Huyo nilimwambia hapana, kwa upole. Kulazwa kwa nusu kaputi, kukatwa na kubeba kovu la maisha kwa ajili ya picha ni kujitia hatarini bila haja, na kesho picha zitabadilika. Ni mlango uleule wa mkorogo na wa zile dawa za Kichina za kukuza makalio zilizovuma miji yetu miaka ya 2000.

Lakini kina baba nasi tujitazame. Mwanamke haanzi kuuchukia mwili wake bila sababu. Mara nyingi kuna mume anayemfanyia mzaha mbele ya watoto, au wenzake wanaomcheka kwenye shughuli. Suratul-Hujurat, aya ya 11, imekataza dharau hiyo. Katika Sahihi Muslim tunafundishwa kuwa Allah haangalii sura zetu wala miili yetu, bali nyoyo zetu na matendo yetu. Tunawasomea mabinti hadithi hii kisha tunawachagulia wanetu wake kwa kuangalia maumbo.

Nilimwendea mama yule nyumbani kwake, pamoja na mke wangu, nikamuomba radhi. Alisema, "Ustadh, mimi sikutaka urembo. Nilitaka kutembea." Daktari amempa dawa ya vidonda na kumtaka asubiri sukari itulie kabla ya kuamua. Hadi ninapoandika haya hajaamua, na uamuzi ni wake. Jumamosi iliyopita alirudi darsani. Tumemwekea kiti.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape shifaa wagonjwa wetu, atupe wanaofundisha dini subira ya kusikiliza, na atukinge na fatwa za haraka. Wabillahi tawfiq.