Gari Kuukuu Likibadilishwa Miguu ya Mbele, ni Lile Lile?

Gari la zamani linapotolewa springi zake za mbele na kutiwa nyingine ndefu au ngumu zaidi, huzuka swali lililowasumbua wanafalsafa tangu Ugiriki ya kale: kitu kikibadilishwa sehemu zake, hubaki kile kile hadi wapi? Huko Kanyangi, katika jimbo la Kitui Rural, swali hilo lina tairi nne. Peugeot 504, iliyotoka Ufaransa mwaka 1968, ilivumilia barabara za Kenya kiasi cha kushinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na tena mwaka 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Lakini springi zilizobeba magunia miaka na miaka huchoka, na mwenye gari akishaamua kuzibadilisha huona afadhali aliinue kidogo, lipite vizuri kwenye mito ya mchanga. Kazi hufanyika uani, chini ya mwembe.

Mfano unaotajwa sana ni wa merikebu ya Theseus, uliosimuliwa na Plutarch. Waathene walitoa mbao zilizooza na kutia mpya, hadi watu wakabishana kama chombo kilikuwa ni kile cha kwanza. Mwaka 1655 Thomas Hobbes alikoleza ubishi: mtu akiziokota mbao kuukuu zote na kuziunga upya, merikebu ya kweli itakuwa ipi? Mfano huu unaifaa bushi, kile kipande cha mpira kwenye maungio ya chuma. Iliyolika ikitoka na ya kipimo kile kile ikaingia, hakuna anayeshangaa. Springi ndefu ni habari nyingine, maana Waathene hawakuligusa umbo la merikebu yao. Kwa mgawanyo wa Aristotle, bushi mpya hubadilisha maada na kuliacha umbo. Springi ndefu huingilia umbo lenyewe.

Anayelala chini ya gari huliona jambo hilo kwa macho. Mbele ya 504, springi na shokabzoba ni mguu mmoja: juu umefungwa kwenye bodi, chini umeshikwa na mkono wa chuma unaoelekea katikati ya gari. Gari likiinuliwa sentimita tano, mkono huo huinama zaidi na ncha yake huvutwa ndani, kwa hiyo tairi hubadilisha mwegamo. Fimbo ya usukani nayo hukaa kwa pembe nyingine, na tairi likipanda tuta fimbo hiyo inaweza kulisukuma likageuka, ilhali dereva hajagusa kitu. Hozi ya breki hukazika. Bol jointi hufanya kazi karibu na mwisho wa nafasi yake. Alaimenti hurekebisha baadhi ya hayo, si yote. Na kabla ya kufika huko ipo hatari ya springi yenyewe: ikibanwa kwa waya au mnyororo badala ya chombo chake, ikifyatuka huua.

Kitui imemtoa mwanafikra aliyelitazama suala la kuendelea kuwapo kwa upande mwingine kabisa. John Mbiti, aliyezaliwa mwaka 1931, alieleza katika African Religions and Philosophy ya mwaka 1969 kwamba marehemu hubaki miongoni mwa walio hai maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Wa mwisho wao akifa, marehemu huzama katika kile alichokiita Zamani, yaani wakati wa kale wa mbali. Mbiti alizungumzia watu, na kulihamishia gari wazo lake kwahitaji tahadhari. Hata hivyo linaonyesha kwamba kuwa yule yule si mali ya mtu peke yake, bali hushikiliwa na jamii inayomjua. Gari lililobeba maharusi na wagonjwa wa kijiji kwa miaka mingi laweza kuendelea kuitwa la mzee fulani hata likiwa na injini ya Toyota. Kwa kipimo hiki springi ni jambo dogo. Ila kumbukumbu ya kijiji haijui pembe za tairi: watu hulipanda kwa imani iliyojengwa na mwendo wake wa awali, na mwendo huo haupo tena.

Hapo ndipo dini huingia, na huingia kwa ukali kuliko falsafa. Kumbukumbu la Torati 22:8 humtaka anayejenga nyumba aweke ukingo darini, asije akabeba damu ya mtu atakayeanguka. Nyumba ni yake na dari ni lake. Anayeanguka anaweza kuwa mgeni. Kanuni ya fiqhi ya Kiislamu ya kutodhuru wala kulipiza dhara kwa dhara inafika pale pale. Hoja ya “gari ni langu” inatosha kwa rangi na viti. Kwa sasipensheni haitoshi, kwa kuwa abiria na mpita njia hawakushirikishwa.

Linabaki suala la kuuza. Aliyebadilisha vitu vya kufungwa kwa boliti, akaweka springi za zamani stoo, anaweza kulirudisha gari lilivyokuwa, na mbao za Hobbes anazo. Aliyekata bodi na kuchomelea hana cha kurudisha. Wote wawili wanaweza kuliita 504 bila kusema uongo, ilimradi mnunuzi aambiwe kilichofanywa mbele kabla ya kutoa pesa. Yule wa pili inampasa pia amwonyeshe mahali alipochomelea.