Nanga Ndani ya Pazia

JUMATANO

Soma Matendo 27:8–44 na Waebrania 6:17–20.

Upepo unapochafuka katika delta ya Rufiji, nahodha hakai nje ya mlango wa mto. Hukiingiza chombo katika mkono wa mto wenye mikoko pande zote mbili, hutia nanga na kungoja. Amefanya la busara. Biblia haimlaumu anayetafuta bandari wakati wa tufani. Lakini tufani ikiingia bandarini, ni nini kitakachokishikilia chombo?

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Vyombo vilivyokuwa vimetia nanga mbele ya mji wa Zanzibar havikuwa tena safarini. Vilikuwa mahali ambapo kila baharia hutamani kufika. Hata hivyo, majahazi mengi yalivunjika, na meli za Sultani Barghash pamoja nayo. Mashambani, mikarafuu mingi iliyokuwa utajiri wa Unguja iliangushwa, huku ile ya Pemba ikinusurika kwa sehemu kubwa. Tusiseme kwamba waliopotelewa walikuwa na dhambi kuliko wengine. Yesu alikataza hukumu ya namna hiyo (Luka 13:1–5). Tuseme hili tu: bandari ilikuwa ileile iliyotumainiwa jana, ila siku hiyo haikutosha.

Paulo alilijua jambo hili. Meli yake iliondoka Bandari Nzuri kwa sababu wengi waliona hapafai kukaa wakati wa baridi. Akida alimsikiliza nahodha na mwenye meli kuliko Paulo. Usiku wa kumi na nne mabaharia walitupa nanga nne, wakaomba kuche (27:29). Kulipokucha, nanga hizo zote waliziacha baharini (27:40). Meli ikavunjika, lakini watu wote 276 walifika pwani salama. Kilichowashikilia hakikuwa nanga zao, bali neno ambalo Mungu alimletea Paulo kwa malaika wake (27:23–25).

Sasa linganisha nanga hizo na ile ya Waebrania 6:19. Nanga ya chombo hushuka, ikashika mchanga au mwamba tusiouona. Nanga ya Mkristo hupanda. Imeingia ndani ya pazia, katika patakatifu pa mbinguni, alikotangulia Yesu, Kuhani wetu Mkuu. Kwa hiyo fundisho la patakatifu si hesabu ya miaka peke yake. Linatuambia kamba yetu imefungwa wapi. Dhoruba inaweza kukitikisa chombo, lakini haifiki mahali nanga iliposhika.

Hapa Utete na Kibiti hatuhitaji kuambiwa maana ya kutikiswa. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba za watu. Mapema mwezi Mei Kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu kupitia Mafia. Aliyekuwa ameweka tumaini lake lote katika mpunga wa bondeni alibaki na nini maji yalipopanda? Kulima si kosa. Kuweka akiba si kosa. Wala kusikiliza tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa si upungufu wa imani; Paulo mwenyewe alitoa tahadhari (27:9, 10). Kosa ni kuifanya bandari kuwa mwokozi.

Tena angalia alichofanya Paulo kabla meli haijavunjika. Aliwasihi wenzake wale, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote (27:33–36). Mtu anayeshikiliwa na nanga ya juu ana mikono miwili iliyo huru kugawa chakula. Jirani ambaye shamba lake limezama huenda asijue lolote kuhusu pazia, lakini atajua kama tulimfikia.

Maswali ya kujadili:

1. Ni "bandari" gani umeitegemea kuliko Mungu: shamba, mshahara, mtoto aliyeko Dar es Salaam, au jina lako kanisani? Ungebaki na nini ikiondolewa?

2. Huduma ya Yesu katika patakatifu pa mbinguni inampa nini mtu aliyepoteza mavuno yake wiki hii? Jibuni kana kwamba ameketi kati yenu.

3. Ni nani katika mtaa wenu bado hajainuka tangu maji yalipopungua? Kabla ya Sabato ijayo, darasa lenu litampelekea nini, na nani atakwenda?