Hakuna Kitu Pale, ni Mawe Tu

Tukiulizwa katika darasa la kipaimara Amri ya Nane inakataza nini, wengi wetu hujibu haraka: uongo na masengenyo. Jibu ni sahihi. Lakini hatujazoea kujiuliza kama mtu anaweza kutoa ushuhuda wa uongo kuhusu kilima. Kilima hakina heshima ya kuchafuliwa, wala hakiendi mahakamani. Hata hivyo, huku kwetu Shinyanga na Geita, ambako ardhi hupimwa kwa kile kilicho chini yake, swali hilo tunalihitaji.

Tuanze mbali kidogo, kwenye milima ya jangwa la Chihuahua, huko Meksiko na kusini mwa Marekani. Kuna mmea mdogo wa jamii iitwayo selaginela. Hautoi maua wala matunda, huzaana kwa vumbi laini. Mvua ikikatika hujikunja kama ngumi na kuwa wa kahawia, mtu akadhani ni takataka. Mvua ikirudi hufunguka kwa muda wa saa chache na kuwa kijani tena. Wafanyabiashara huwauzia Wakristo mmea huu kwa jina la waridi la Yeriko, eti ni ishara ya ufufuo. Yeriko haujawahi kuota. Mwenye jina hilo kwa haki ni mmea mwingine kabisa, wa majangwa ya Mashariki ya Kati, nao ukishakauka umekufa: maji huufungua, huachia mbegu, lakini wenyewe haurudi. (Na tuseme wazi, yote miwili ni mfano dhaifu wa Pasaka. Mmoja haukufa, mwingine haufufuki. Bwana wetu alikufa kweli, akazikwa, akafufuka.)

Anayetaka ukweli wa mmea ule asiende dukani, aende hebaria, yaani nyumba ya kuhifadhi mimea iliyokaushwa. Humo kila mmea umebandikwa kwenye karatasi ngumu, na pembeni ipo lebo: jina, mahali ulipochumwa, tarehe, jina la mchumaji na namba yake. Lebo haianzi kwa kuuliza mmea una faida gani. Inasema ulikuwa hapa, siku hii, na fulani aliuona. Anayebisha aje atazame.

Shinyanga nayo ina mashahidi wa namna hiyo. Wakati wa utawala wa Waingereza, idara ya utafiti wa mbung'o iliyoongozwa na C. F. M. Swynnerton ilikuwa na makao yake hapa. Mtaalamu wake wa mimea, B. D. Burtt, alizunguka mapori ya Tanganyika akikusanya vielelezo. Vingi vinatunzwa hadi leo, vingine vikiwa Kew, Uingereza. Wote wawili walikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Kazi yao ilikuwa na sura mbili. Waliyachunguza mapori ili wamshinde mbung'o, na njia mojawapo ya kumshinda ilikuwa kuyafyeka mapori yenyewe. Ufyekaji huo, pamoja na mashamba ya pamba, mifugo na kuni za miaka mingi, uliuacha mkoa huu mkavu kiasi cha kuitwa jangwa. Mwaka 1986 ndipo ulipoanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na watu wakahimizwa kurudisha ngitili za wazee wao. Sehemu nyingi miti ilirudi yenyewe, kwa maana visiki na mizizi ilikuwa bado hai ardhini. Kwa hiyo kujua peke yake hakuokoi. Mtu anaweza kuandika jina la mti kwa usahihi na kesho yake akaukata. Lakini aliyeandika kwanza anajua amekata nini, na wajukuu wake wana mahali pa kumuulizia.

Sasa tuje Geita. Mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2000, na wachimbaji wadogo wametapakaa kila upande. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini, na wananchi waulizwe. Wataalamu wakiuliza juu ya kilima kuna nini, jibu letu ni jepesi: hakuna kitu pale, ni mawe tu. Wanaolitoa ni watu wema, washarika wetu, wazee wa kanisa wakiwemo. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Lakini wengi husema hivyo bila kupanda kilima, na shahidi asiyetazama ni shahidi wa namna gani?

Ndugu mwingine atatuuliza: mmea usioliwa hata na mbuzi unashindanaje na ada ya mtoto? Swali lake ni la haki, nasi hatuwezi kulidharau, maana mabati ya baadhi ya makanisa yetu yamenunuliwa kwa sadaka ya dhahabu. Hatusemi mmea uishinde ada. Tunasema ushindwe ukiwa umetajwa. Shamba la Nabothi halikuchukuliwa kwa jembe. Lilichukuliwa kwa maneno ya mashahidi wawili, mawe yakafuata (1 Wafalme 21). Waliodhulumiwa na neno hakuna ni jirani zetu, hasa wale ambao hawajazaliwa, kwa kuwa wao hawatakuwa na kilima cha kwenda kukitazama. Na kitabu cha Ayubu kinachoeleza jinsi mtu anavyochimba mashimo kutafuta dhahabu (sura ya 28), ndicho kinachosema Mungu huinyeshea mvua nchi isiyo na mtu, majani yapate kuchipuka huko (sura ya 38). Mvua hiyo haina mnunuzi.

Jambo moja la mwisho kuhusu lebo. Nyingi za zamani zina jina la kienyeji la mmea. Mchumaji mgeni hakulibuni. Kuna mtu alimtajia, pengine mchunga ng'ombe, pengine mama aliyekuwa akiokota kuni. Jina la mtu huyo mara nyingi halimo. Katika sharika zetu wapo bado wazee na akina mama wanaoijua kwa Kisukuma mimea ya miambani, na inayonyauka kiangazi na kurudi masika. Wataalamu watakapokuja tena, hao ndio wapande kilima kwanza, waende na daftari, na majina yao yaandikwe humo.