Nabii Yona Katika Vitabu Viwili



Baada ya fundisho la juma lililopita, mmoja wenu aliniuliza: «Mwalimu, shemeji yangu ni Mwislamu, naye asema anamjua nabii Yona. Je, nimkatalie?» Hilo ni swali jema. Tulitazame pamoja.

Kitabu cha Yona kimo katika Maandiko Matakatifu ya Wayahudi, nasi tulikipokea kwao. Kina sura 4 tu. Mungu alimtuma Yona kwenda Ninawi, mji wa adui. Yeye akapanda chombo kwenda kwingine. Tufani ikavuma, kura ikamwangukia, akatupwa baharini, samaki akammeza. Akasali tumboni siku 3, akatapikwa pwani. Ndipo akahubiri, na watu wa Ninawi wakatubu.

Waislamu humwita Yunusi, na sura ya 10 ya Korani ina jina lake. Sura ya 37 nayo yasimulia chombo, kura, samaki na sala yake, na jinsi watu 100,000 au zaidi walivyoamini. Basi shemeji hasemi uongo.

Lakini tazameni ule mmea. Katika Korani, Mungu amwoteshea Yunusi mmea alipotoka tumboni mgonjwa, umfunike. Katika kitabu cha Wayahudi, mmea waota baada ya mahubiri. Yona ameketi nje ya mji, amekasirika kwa kuwa adui zake wamesamehewa. Mdudu autafuna mmea, nao wanyauka. Yona ausikitikia. Ndipo Mungu amwuliza: wewe wauhurumia mmea, nami nisiwahurumie watu zaidi ya 120,000? Kitabu chaishia hapo. Jibu la Yona halikuandikwa. Wayahudi hukisoma alasiri ya Siku ya Upatanisho, wakiwa wamefunga.

Sisi wa Sakania twajua kukimbia. Reli ilifika hapa mwaka 1909, na mpaka wa Zambia u karibu. Mwenye ugomvi huvuka. Mimi sikuvuka mpaka, lakini nalikimbia. Niligombana na jirani, na mwaka mzima nikazunguka njia ndefu kwenda shuleni nisipite mlangoni pake. Kila asubuhi naliwasalisha watoto Baba Yetu! Siku moja mtoto mmoja akaniuliza: «Mwalimu, Yona alijibu nini?» Nikanyamaza. Jioni ile nikapita njia fupi, nikabisha hodi.

Mwaka 1965 Mtaguso Mkuu wa Vatikano uliwaomba Wakristo na Waislamu wasahau magomvi ya zamani na kutafuta kuelewana. Basi, ndugu yangu, usimkatalie shemeji. Keti naye, msimulie habari ya ule mmea, nawe umsikilize. Kisha mwambie pia kwamba Bwana wetu Yezu Kristo alimtaja Yona kuwa ishara ya siku zake 3 kaburini.

Nanyi nyote mnaongoja Ubatizo, kila mmoja ajiulize: Ninawi yangu ni nyumba ya nani? Aende huko kabla ya kufika kwenye maji matakatifu.