Taabu na Riziki

Reli ya Uhuru, ijulikanayo kwa jina la TAZARA, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Urefu wake ni kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Sehemu iliyokuwa ngumu kupita zote ni mwinuko wa Mlimba mpaka Makambako, ambako milima ilitobolewa na mabonde yakaungwa kwa madaraja. Reli hii ilizaliwa katika zama za dizeli, ikavutwa na injini zilizotoka China. Basi watu wa Makambako, na jirani zao wa Njombe upande wa kusini, waliipokea injini mpya pasipo kuiaga ya kale.

Kwingineko Afrika Mashariki kuagana kulikuwapo. Katika miaka ya 1955 na 1956 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipokea injini 34 za mvuke aina ya Garratt, zilizoundwa Manchester na kupewa majina ya milima yetu. Mwaka 1960 zikaja dizeli za English Electric. Ilipofika mwaka 1980 majitu yale yalikuwa yamekwisha kustaafishwa. Injini ya mvuke hutaka moto uwashwe saa nyingi kabla ya safari, maji yajazwe njiani, na mtu wa pili alinde tanuru. Dizeli haitaki hayo. Na mikono iliyoyatenda hubaki mitupu.

Je, ni haki kumpunguzia mtu taabu kwa kumpunguzia riziki?

Wako wausifuo mvuke kwa moshi na sauti yake. Sifa hizo ni za waliosimama kando ya reli, si za waliosimama mbele ya tanuru. Joto halikuwa heshima ya mchochea moto. Heshima yake ilikuwa ujuzi: kukijua kiasi cha moto kiushindacho mlima, na kiasi cha maji kizuiacho maangamizi. Kuiondoa taabu ni wema. Kumtupa mwenye ujuzi pamoja na taabu yake ni dhuluma. Katika faida iliyopatikana kwa kumpumzisha, yeye ana fungu: afundishwe kazi nyingine, au apewe kiinua mgongo kimfaacho.

Makambako yaweza kudhani kwamba deni hilo haliihusu, maana akutaye chakula mezani hamwoni mpishi. Lakini mwaka 2024 treni za umeme zilianza kwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Yamkini zamu ya dizeli kuagwa nayo itafika, na dereva na fundi watauliza swali la mchochea moto. Jibu lao litayarishwe sasa, kwani haki iandaliwayo baada ya mtu kuondoka haimkuti.