Mvivu au Mgonjwa?

Mtoto anasinzia darasani. Mwalimu anamwita mara mbili, haitiki. Mwalimu anakasirika: «Mvivu wewe! Simama pembeni!» Je, ametenda haki?

Uvivu ni kosa la nia: ni kukataa kazi unayoiweza. Basi asiyeweza si mvivu, na kumwadhibu ni kumdhulumu. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha ya kuwa roho na mwili ni mtu mmoja, na ya kuwa akili hupokea mambo kwa njia ya macho, masikio na viungo vingine vya mwili. Mwili ukidhoofika, akili nayo hukosa chombo chake.

Tutazame kwetu Sange. Bonde la Ruzizi lina joto, lina maji ya mashamba ya mpunga, na mbu ni wengi. Malaria huharibu damu. Mtoto aliyepona homa juzi bado ni mnyonge leo. Minyoo ya safura hunyonya damu polepole. Mwingine hajala tangu jana. Mwingine sikio lake linatoa usaha, hasikii vizuri, naye huitwa mkaidi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Huko Busia, katika Kenya, watoto wa shule walianza kupewa dawa ya minyoo mwaka 1998. Wataalamu Edward Miguel na Michael Kremer waliona kwamba utoro ulipungua kwa robo hivi. Lakini alama za mitihani hazikupanda. Maana yake, dawa humrudisha mtoto darasani. Kumfundisha ni kazi ya mwalimu bado.

Mwalimu atasema: «Mimi si mganga, na tangu shule za msingi zifanywe za bure mwaka 2019 darasa langu limejaa.» Ni kweli. Lakini kuuliza hakuhitaji uganga: Umekula? Umelala? Unaumwa wapi? Asiyesikia akae mbele. Mwenye homa apelekwe kituo cha afya, na mzazi wake aambiwe.

Wavivu nao wapo, hatukatai. Na huruma isiyomdai mtoto kazi humharibu. Lakini hukumu ifuate swali, isilitangulie. Nanyi wazazi, mtoto akilala na homa, mwambieni mwalimu asubuhi, asije akamwadhibu asiye na kosa.